Likizo ya Krismasi Minnesota: ndege wako wapi theluji ikianguka?

Kila Desemba wenzangu wa zamu huniuliza: nauli ya kwenda nyumbani imepaa, sasa utafanya nini siku nne zote? Nawaambia naenda mashambani kutazama ndege. Wanacheka. Wao wanaamini ndege wote wamekimbilia kusini na waliobaki ni kunguru. Sivyo. Wakati wa baridi ndege hufuata vitu viwili, maji yasiyoganda na chakula, basi na wewe vifuate hivyo hivyo.

Tuanze na maji. Kutoka Minneapolis shika barabara kuu ya 94 kuelekea kaskazini-magharibi hadi Monticello, mwendo usiofika saa moja njia ikiwa safi. Pale kando ya mto Mississippi pana kinu cha umeme wa nyuklia, na maji yaliyopoza mitambo hurudishwa mtoni yakiwa bado na joto. Kwingine barafu, hapo mto unafuka mvuke kama sufuria ya ugali. Batamaji wanaoitwa kwa Kiingereza trumpeter swan hukusanyika mamia kwa mamia, na katikati ya msimu huweza kupita elfu moja. Mabawa ya mmoja yakitandazwa huzidi mita mbili. Sauti yao ni ya tarumbeta kweli, ila fikiria bendi ya harusi inayojaribu vyombo kabla bwana harusi hajafika. Karne ya 19 waliwindwa hadi wakatoweka jimboni. Hawa unaowaona ni uzao wa ndege walioletwa kutoka Montana miaka ya 1960, na wa mayai yaliyochukuliwa Alaska miaka ya 1980. Kibustani cha kuwatazamia, Swan Park, kiko katikati ya makazi ya watu, kwa hiyo usizibe lango la mtu kwa gari lako, na usiwatupie mkate.

Ukiwa na siku nzima, teremka hadi Wabasha, kusini-mashariki, ambako mkondo wa mto hauachi barafu ifunge. Tai wa kichwa cheupe hukaa juu ya miti wakivizia samaki. Aliyewahi kumwona furukombe pale Naivasha atadhani amekutana na binamu yake. Wale wa kahawia watupu mara nyingi si aina nyingine, ni vijana. Kichwa huwa cheupe wakifikia miaka mitano hivi.

Bundi nao wana kwao: Sax-Zim Bog, kinamasi kilicho kaskazini-magharibi ya mji wa Duluth. Yule bundi mkubwa wa kijivu humsikia panya aliye chini ya theluji, akaruka na kuzama kwa miguu mahali asipoona kitu. Nilimpiga picha nikamtumia mama. Jibu lilikuja upesi: "Futa hiyo picha, mwanangu." Wewe tazama ukiwa ndani ya gari, usimkaribie, wala usitangaze mtandaoni mti aliokalia.

Mavazi sasa, maana hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Safari yangu ya kwanza nilivaa soksi mbili za pamba ndani ya raba, kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilidumu dakika kumi na mbili. Pamba hushika jasho, na jasho likipoa linakugandisha. Vaa sufu, na buti lenye nafasi, kwa kuwa likibana damu haifiki vidoleni. Glavu ziwe jozi mbili, nyembamba ndani ya nene, ili uweze kushika darubini. Simu ikae mfuko wa ndani, la sivyo betri itazimika ukiihitaji. Na uvae kitu cha rangi ya chungwa: uwindaji wa kulungu kwa mishale huendelea hadi mwisho wa Desemba.

Garini weka blanketi, koleo, mchanga kidogo na chai ya tangawizi kwenye themosi. Ukikwama na injini inanguruma, kwanza toka ufukue theluji kwenye ekzosi, kwani ikizibwa hewa yenye sumu huingia ndani, nayo haina harufu. Barafu iliyo karibu na maji yanayotiririka usiikanyage hata ukiwaona wenyeji wamesimama juu yake.

Jingine ni la kusema waziwazi. Mtu mweusi mwenye darubini kwenye barabara ya shamba huvutia macho, na si bure kwamba mwaka 2020 ilianzishwa Black Birders Week, yaani wiki ya watu weusi wanaotazama ndege. Mimi huvaa darubini kifuani ionekane, hupunga mkono kwanza, wala siingii njia ya nyumba ya mtu. Bora zaidi, nenda na kundi. Kati ya Desemba 14 na Januari 5 kuna hesabu ya ndege ya Audubon, shirika la Marekani la kuhifadhi ndege, iliyoanza Krismasi ya 1900, badala ya mashindano ya kuwinda. Kila eneo ni duara lenye kipenyo cha kilomita 24, kushiriki ni bure, na mgeni hupangwa na mzoefu. Huko ndiko nilikojifunza mengi, na nikapata marafiki wazee wenye biskuti nzuri.

Kama zamu haikuachii nafasi, ning'iniza mbegu nyeusi za alizeti dirishani. Chikadii watakuja, ndege wadogo wa kofia nyeusi wanaolia jina lao, "chika-dii-dii", na dii zikizidi ujue wameona hatari. Kadinali mwekundu hufika kukipambazuka, akarudi giza linapoingia, yaani kama saa kumi na nusu jioni.

Darubini ikitoka kwenye baridi ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujafungua mlango wa nyumba. Iache humo saa nzima, ipate joto polepole, ama vioo vitajaa ukungu na kesho hutaona kitu.