Usiache namba tupu kwenye msimbo

Wenzangu mnaoandika programu za maduka hapa Kampala: ukiweka bei * 0.18 katikati ya msimbo, leo unajua hiyo ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Atakayerithi kazi yako hajui, ataogopa hata kuigusa. Ipe jina, KIWANGO_CHA_VAT, uiweke mahali pamoja. Serikali ikibadilisha kiwango, anarekebisha mstari mmoja tu.

Na maelezo ya pembeni unayoyaandika ndani ya msimbo (comments) yataje sababu. Ukiandika “Zidisha bei”, hilo tumeshaliona wenyewe kwenye msimbo! Ila “hatugawi kwa 100, shilingi ya Uganda haitumii senti” humwokoa mgeni aliyezoea dola, maana mifumo mingi ya malipo huhesabu dola kwa senti. Majina mafupi yasiyoeleza kitu, kama x na tmp? Kwenye kitanzi (loop) cha mistari mitatu, sawa.