Kukata matagaa membamba kwa msumeno wa mnyororo

Mwembe au mfenesi ukishaangushwa (kwa kibali, na hapa Zanzibar mkarafuu una sheria yake peke yake), gogo halina taabu sana. Matagaa ndiyo huumiza watu kirahisi. Ni mepesi, hayatulii. Mnyororo ukiligusa tagaa hulivuta, likachapa mguu au likaruka usoni. Ama ncha ya ubapa (bao la chuma linalobeba mnyororo) hugonga tagaa jengine lililo nyuma, msumeno wote ukamrukia mkataji. Basi tengeneza kwanza kitu cha kuyashika.

Chukua mbao za inchi 2 kwa 3, upige fremu tatu za umbo la H: nguzo mbili za sm 110, nafasi ya ndani sm 22, ubao wa kukingama sm 50 kutoka chini. Kila fremu ipe kitako cha sm 60 isipinduke. Zisimamishe kwa mstari, sm 40 baina ya moja na nyengine, uziunge kwa mbao mbili ndefu chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu. Sehemu ya juu, msumeno unapopita, pasiwe na msumari hata mmoja.

Hizo sm 22 usizipanue. Ubapa wa inchi 12 ni kama sm 30, kwa hivyo ncha hutokeza upande wa pili ukaiona. Ikizama ndani ya mzigo ndipo msumeno unaporuka.

Panga matagaa kwa kupishanisha, shina la hili kwa ncha ya lile, kisha funga kwenye kila fremu kwa kamba ya usumba, uikaze kwa kijiti cha kusokota. Waya huvunja meno. Nailoni huyeyuka ikajizonga kwenye gia ya mnyororo, na kuitoa ni kazi ya nusu saa.

Kata katikati ya nafasi baina ya fremu, ili kila kipande kibaki kimelalia fremu yake na ubapa usibanwe. Vuta resi yote kabla ya kugusa kuni, acha msumeno ushuke kwa uzito wake. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini, kichwa kiwe pembeni ya mstari wa ubapa. Tagaa jembamba kuliko kidole gumba ni la panga.

Msumeno mdogo wa ubapa wa inchi 10 au 12 unatosha. Mnyororo wake mwembamba wa saizi ya inchi 3/8 hunolewa kwa tupa ya mviringo ya mm 4, pembe ya nyuzi 30, kila jino idadi ile ile ya mikwaruzo. Ukitoa unga badala ya vipande, umeshakuwa butu. Huko kwenye mawe ya matumbawe, kama Makunduchi kusini mwa Unguja, kugusa chini mara moja tu kunatosha kuuharibu.

Mafuta yake ni petroli lita 1 kwa oili ya 2T (ya kuchanganya na petroli) ml 20, ila kitabu cha mashine kikisema vyengine. Oili ya mashine za boti siyo: zile hupozwa kwa maji, msumeno hupozwa kwa upepo na huwa moto zaidi. Oili chafu ya gari nayo usiitie kwenye tangi la oili ya mnyororo. Chembe za chuma zilizomo hula pampu.

Utomvu wa mfenesi na mshelisheli hugandia mfereji wa ubapa. Ungali mbichi, usugue kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, kisha pitisha oili siku hiyo hiyo.

Miwani, vizibo vya masikio, glovu za ngozi, viatu vigumu. Kwa ndara usiwashe.