Unatoka Dodoma kwenda kutembea Mji Mkongwe, Zanzibar? Soma hii kabla hujakata tiketi

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 naona watu wanaunganisha tu, asubuhi treni mpaka Dar, mchana boti, jioni wako bustani ya Forodhani wanapiga picha. Nendeni jamani, ila jipangeni.

Kitambulisho cha taifa, beba. Tiketi ya boti kata dirishani, anayekufata nje bandarini na bei nzuri mpite. Dawa ya kichefuchefu meza kabla boti haijang'oa nanga. Nguo zifunike mabega na magoti, ule mji watu wanaishi na wanasali humo, sio makumbusho. Kama ni Ramadhani usitegemee kula mchana barabarani. Na Beit el Ajaib, lile jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, usiwaahidi watoto kwamba mtaingia ndani, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu 2 wakafariki, kwa hiyo uliza kwanza hali ikoje.

Sasa jua. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Sisi wa Dodoma tunajiona jua tumelizoea. Ni kweli, lakini letu ni jua kavu, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na upepo upo, jasho likitoka linakauka. Kule hewa imejaa maji, jasho linabaki mwilini na joto nalo linabaki. Mimi hilo sikulijua, mwezi wa kumi nikampeleka mama yangu, ana miaka 67, mtu wa Mpwapwa, amekua akisikia habari za misafara iliyokuwa inakatiza Ugogo na watumwa kwenda pwani, akasema anataka aone walikokuwa wanaishia. Nikamwambia twende Mkunazini kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, lilianza kujengwa mwaka 1873 pale palipokuwa na soko la watumwa, mwaka huohuo soko lilipofungwa. Tukatoka Forodhani saa sita mchana kwa miguu, nikaona ni karibu, tukapotea, kila kichochoro tunachoingia kinafanana na tulichotoka, mara namuona mama kashika ukuta, midomo imekauka, nikimuuliza hanijibu. Niliogopa jamani, sikumbuki kama nimewahi kuogopa vile.

Mzee mmoja ndo akatoka ndani, akaniambia mkalishe hapa barazani bi mkubwa, akaletwa maji, likaletwa dafu, akapepewa kama nusu saa mpaka akaanza kuongea. Yule mzee akanieleza, tena kwa upole. Vichochoro vimebanwa makusudi nyumba zitiliane kivuli, lakini saa sita jua liko utosini, kivuli hamna. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, ndani kunakuwa na nafuu, na ndo maana saa zile hatukukutana na mtu njiani, wenyeji wote walikuwa ndani. Baraza tunazozipiga picha kumbe ni za watu kukaa, mgonjwa wangu ndo akanionyesha.

Kanisani tulienda kesho yake saa mbili asubuhi, mama akasimama pale muda mrefu hakusema kitu.

Kwa hiyo panga hivi: asubuhi mapema tembea, Ngome Kongwe, kanisani, milango ya kuchonga. Saa sita mpaka alasiri uwe ndani, alasiri toka tena. Ukiwa na mzee au mtoto usibishane na mimi kwenye hili. Maji kila mtu chupa yake na anywe hata kama hana kiu, mwenye presha abebe dawa zake mkononi asiache kwenye begi hotelini. Jina la hoteli na mtaa andika kwenye karatasi, simu ikizima mule ndani utazunguka mpaka usiku, na usiku usikatize vichochoro peke yako, hela usitoe zote hadharani, watoto washike mikono...