Udongo mkali wa Bukavu: angalia mizizi kwanza

Kabla ya kununua mbolea, ng'oa mharagwe mmoja. Mizizi ikiwa mifupi, minene, haina vile vinundu vidogo vyenye rangi ya waridi ndani, shuku asidi, yaani udongo mkali. Huku kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua hunyesha kwa miezi mingi, inafagia kalisi na magnesi, madini yanayopunguza ukali. pH (kipimo cha ukali: ikishuka, ukali unapanda) ikiwa chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hunaswa udongoni. Ndiyo maana mtu anamwaga mbolea na lengalenga (mchicha) linabaki kudumaa.

Kupunguza ukali huo, mimi natumia majivu ya mbabula (jiko la makaa). Yachekeche, uondoe misumari na plastiki iliyoungua, nyunyiza konzi mbili kwa mita moja ya mraba, changanya na udongo kwa jembe, kisha ngoja wiki mbili au tatu ndipo upande. Usiyachanganye na samadi mbichi wala urea: nitrojeni itapaa hewani, utaisikia puani. Chokaa ya shambani hufanya kazi polepole ila hudumu zaidi. Viazi usiviwekee majivu mengi, ngozi yake itapata ugonjwa wa ukoko. Chai nayo iache, inapenda ukali huo.