Zamu Ikiisha Vibaya, Usimwache Muuguzi Aende Hivi Hivi

Nimesimamia zamu za usiku chumba cha dharura kwa miaka 11, hospitali iliyo kando ya barabara kuu. Majeruhi wetu wengi ni wa bodaboda. Vifo vya watu wazima tunajikaza; cha mtoto ndicho kinachotuvunja.

Kikitokea, mtoe muuguzi aliyemhudumia kwa dakika kumi. Anawe uso, akae, anywe maji. Wagonjwa wake nawachukua mwenyewe, maana ukimwambia "pumzika" bila kumshikia kazi, hapumziki.

Usiwakusanye wote na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichokiona. Nilifanya hivyo zamani nikidhani nasaidia, kumbe Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya namna hiyo. Sasa asubuhi, kwenye chai na chapati, nauliza tu, "Kuna kilichokuganda?" Anayetaka atasema. Asiyetaka, anywe chai yake.

Kagua ratiba pia: asipangiwe usiku mwingine mfululizo.

Siku ya tatu mpigie. "Sista, unalala?" Ndoto mbaya, kushtuka king'ora kikilia, kukwepa kitanda kile, hasira zisizo na sababu: wiki za mwanzo hutokea kwa wengi na mara nyingi hupungua zenyewe. Zikipita mwezi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, ikiwezekana hospitali nyingine. (Kwetu siri hufika dirisha la dawa kabla ya saa nne.) Akitaja kutaka kufa, mpeleke siku hiyo hiyo, na umsindikize mwenyewe.