Kabla hujapanda kivuko kwenda Xagħra

Watu wengi wanaofika Xagħra hukaa saa mbili tu. Wanashuka kwenye basi la watalii, wanapiga picha mawe ya Ġgantija, mahekalu ya kale ya kijiji hiki, wanakunywa kahawa kwenye uwanja wa kanisa, kisha wanarudishwa bandarini kuwahi kivuko. Ni sawa na kwenda Kilwa Kisiwani ukaishia gatini. Kijiji hiki cha kisiwa cha Gozo, nchini Malta, kimekaa juu ya kilima ambacho watu wamekilima, wamesali juu yake na kuzika humo wafu wao kwa zaidi ya miaka elfu tano, na mengi ya hayo hayaonekani kwa asiyejua atazame wapi. Msomaji wa Kiswahili ana akiba moja ambayo Mjerumani au Mwingereza hana. Nitaifikia baada ya majina, maana majina ndiyo yanayopoteza watu kwanza.

Herufi X kwa Kimalta husomwa "sh", na għ mara nyingi haitamkwi bali hurefusha irabu. Xagħra, basi, ni "Shaara". Gozo wenyewe huiita Għawdex, yaani "Audesh". Mji mkuu wa kisiwa uliitwa Victoria mwaka 1887 kwa heshima ya malkia wa Uingereza, lakini wenyeji bado wanasema Rabat, na Rabat nyingine iko kisiwa kikubwa cha Malta. Mġarr nayo ziko mbili. Moja ni bandari ya Gozo, nyingine ni kijiji cha Malta kilicho katikati ya mashamba. Ukimwambia dereva wa teksi "Mġarr" peke yake, usishangae akikushusha mahali ambapo hakuna hata harufu ya bahari.

Sasa ile akiba. Kimalta kilizaliwa kutokana na Kiarabu kilichofika kupitia Sisilia baada ya Waislamu kuviteka visiwa hivi mwaka 870. Baadaye watu wakawa Wakatoliki na wakaanza kuandika kwa herufi za Kilatini, lakini mifupa ya lugha haikubadilika. Kwa hiyo utasikia maneno unayoyajua yamevaa nguo nyingine: baħar ni bahari, dinja ni dunia, żmien ni zamani, tabib ni tabibu, ktieb ni kitabu. Siku ya Il-Ħamis ni Alhamisi na Il-Ġimgħa ni Ijumaa. Mungu anaitwa Alla hata na padri altareni, Kwaresima ni Randan, na Pasaka ni l-Għid, ndugu yake Idi. Mwenyeji wako atakupokea kwa "Merħba", na utajihisi kama mtoto aliyesahau kutoa shikamoo, kwa sababu umepewa marahaba kabla ya kuamkia. Usihangaike, maana yake ni "karibu" tu.

Akiba hiyo ina mtego, na mtego wenyewe ni saa. Kuhesabu kwao ni sitta, sebgħa, tmienja, disgħa. Mtu akikwambia mkutane is-sitta, sikio lako litasikia saa sita, nawe utafika mchana wa jua kali. Yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane kama Wazungu wengine. Sitta yake ni saa kumi na mbili yetu. Andika saa kwa tarakimu au muulize asubuhi ama jioni.

Makaratasi nitayapitia haraka. Malta imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004, katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2007, na inatumia euro tangu 2008. Mwenye pasi ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku kumi na tano, nayo lazima yaambatane na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Ukifika utakuta mambo mawili ya nyumbani, urithi wa Waingereza waliotawala hadi uhuru wa 1964: magari hupita kushoto, na chaja yako ya pini tatu za bapa itaingia ukutani bila adapta. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Gozo haina uwanja wa ndege za abiria, kwa hiyo utatua Luqa, kwenye uwanja wa ndege wa Malta, uvuke kisiwa kikubwa mpaka bandari ya Ċirkewwa, ndipo upande kivuko cha dakika ishirini na tano hivi. Iwekee safari hiyo nusu siku, hasa ukitumia basi.

Kabla ya kufunga begi, elewa kilima chenyewe, maana ndicho kitakachoamua viatu vyako. Gozo nzima ina kilomita za mraba 67 tu. Ingeingia zaidi ya mara tano ndani ya Mafia. Lakini si tambarare. Vilima vyake vina vichwa bapa kama meza, na Xagħra imejengwa juu ya meza mojawapo. Tabaka la juu ni mwamba mgumu wa chokaa, wa kijivu, wenye matundu, utakaomkumbusha mtu wa Lamu au Unguja mawe ya matumbawe. Chini yake kuna udongo mfinyanzi wa buluu usiopitisha maji. Mvua ikinyesha, maji hupenya mwamba, hugonga mfinyanzi na kutoka pembeni mwa kilima kama chemchemi. Ndiyo maana watu hukaa juu na mashamba yameshuka kwa ngazi ubavuni, yakishikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Kisiwa hakina mto, na maji mengi ya bomba hutokana na bahari iliyochujwa chumvi: salama, ila ladha si ya kisima. Beba chupa yako. Viatu viwe vya soli ngumu. Kandambili ziache kwa ajili ya ufukweni, kwa sababu mwamba huu una meno.

Na sasa Ġgantija, ambayo wengi wanaijia bila kujua wanaangalia nini, wakatoka wakisema ni rundo la mawe. Ni mahekalu mawili yaliyobebana ubavu kwa ubavu ndani ya ukuta mmoja. La kwanza lilijengwa yapata mwaka 3600 KK, karibu miaka elfu moja kabla ya piramidi kuu ya Giza. Waliojenga hawakuwa na shaba wala chuma. Ukuta wa nje, ambao bado umesimama zaidi ya mita sita mahali pengine, ni wa ule mwamba mgumu uliokuwa hapo hapo. Ndani, kwenye milango na altare, walitumia jiwe la aina nyingine, laini na la rangi ya asali, ambalo ilibidi lisogezwe kutoka mbali zaidi. Ukisimama, tafuta tofauti ya rangi hiyo. Tafuta pia matundu kwenye miimo ya milango, pengine ya kukazia kizuizi, na mawe ya mviringo kama mipira ambayo inadhaniwa yalitumika kuviringishia miamba. Mtazame mwenzako amesimama kando ya jiwe la tani hamsini, halafu fikiria kamba na mabega peke yake.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Jina lenyewe linatokana na neno la jitu, na hadithi inasema jitu la kike liitwalo Sansuna lilibeba mawe hayo kichwani huku mtoto yuko mkononi, na chakula chake kikiwa maharage tu. Mimi naipenda hadithi hiyo kuliko michoro ya winchi, labda kwa sababu nimewaona wanawake wa kwetu wakipandisha vilima na ndoo kichwani na mtoto mgongoni.

Mahekalu yalifukuliwa mwaka 1827, mapema mno, wakati watu walikuwa wanatafuta vitu na si maarifa, hivyo mengi yalipotea bila kuandikwa. Katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO yamo tangu 1980. Mlango wa kuingilia ni wa jumba la maonyesho, nalo usilikimbie. Si mbali, magharibi ya mahekalu, kuna makaburi ya chini ya ardhi ya watu hao hao, yaliyochimbwa kati ya 1987 na 1994, ambamo ilikutwa mifupa ya mamia ya watu, na sanamu ya watu wawili wanene walioketi pamoja, mmoja ameshika kikombe na mwingine kajisanamu. Makaburi yenyewe si mahali pa watalii, kwa hiyo jumba la maonyesho ndilo litakalokupa picha yake. Nenda asubuhi. Hakuna kivuli, na basi za watalii hufika jua likishapanda. Usiegemee mawe.

Kwa kawaida tiketi ya Ġgantija hukuingiza pia Ta' Kola, kinu cha upepo cha mwaka 1725. Upepo ulipofaa, msagaji alipuliza baragumu la kombe la baharini, na kijiji kikajua ni wakati wa kuleta nafaka. Mapango mawili ya mawe yanayoning'inia, la Xerri na la Ninu, yako chini ya nyumba za watu. La Xerri liligunduliwa 1923 katika kuchimba kisima. Unabisha hodi kama unavyobisha kwingine.

Jambo moja la historia lijue kabla, vinginevyo hutaelewa kwa nini kijiji chenye umri huu kina nyumba chache za kale sana. Kutoka ukingo wa Xagħra utaona ngome ya Cittadella juu ya Victoria. Julai 1551 jeshi la Waturuki wa Osmani, chini ya Sinan Pasha na Turgut Reis, liliizingira, ikaanguka, na karibu watu wote wa Gozo, elfu tano au zaidi, wakapakiwa merikebuni na kupelekwa utumwani. Kisiwa kilibaki kama gofu. Waliorudi na wahamiaji waliofuata walitakiwa kisheria kulala ndani ya ngome mpaka mwaka 1637. Vijiji vya nje vilikua baada ya hapo. Sisi tunaotoka pwani yenye Bagamoyo na soko la Mkunazini hatuhitaji kuelezwa maana ya merikebu hizo.

Ghuba ya Ramla l-Ħamra iko chini ya kijiji upande wa kaskazini. Ramla ni mchanga, neno lile lile la wapiga ramli wetu, na ħamra ni mwekundu. Chini ya mchanga huo kuna mabaki ya nyumba ya Kirumi, na katikati ya ufuko sanamu ya Bikira Maria ya 1881. Kushuka kwa miguu ni raha. Kupanda saa nane mchana mwezi Julai ni adhabu, kwa hiyo ulizia basi la kurudia kabla hujashuka. Kingo za majabali usizisogelee kwa ajili ya picha. Tao maarufu la Dwejra, upande wa pili wa kisiwa, liliporomoka lote baharini tarehe 8 Machi 2017, na pango la Calypso juu ya Ramla limefungwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo ya mwamba usioaminika.

Kuhusu majira, Aprili, Mei na Oktoba hufaa zaidi. Kuna upepo wa kusini-mashariki, xlokk, unaoleta joto la unyevu na vumbi la Sahara, na wa kaskazini-mashariki, grigal, ambao majira ya baridi huweza kusimamisha vivuko. Usipange ndege ya kurudi saa chache tu baada ya kivuko. Tarehe 8 Septemba ni sikukuu ya kijiji, kuzaliwa kwa Bikira Maria, na pia sikukuu ya taifa. Fataki, bendi, mbio za farasi. Chumba kiwekwe miezi kabla, au usiende kabisa kama unapenda usingizi. Kanisani funika mabega na magoti. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, hata kwenye supu. Jibini ndogo za ġbejna na mkate wa ftira havitamwangusha.

Nauli ya kivuko hailipwi unapokwenda Gozo bali unapotoka, pale Mġarr. Kwa hiyo usizimalize euro zote kwenye ġbejna.