Unataka kufanya risachi ya pesa za kaunti ya Nairobi? Anza na wadi moja

Kama projekti yako ya kempasi ni siasa za jiji na vile kaunti inatumia pesa, tafadhali usichukue Nairobi yote, hizo ni wadi 85 na utazama. Chukua moja, tuseme Kayole Kusini, ama uiweke na Kileleshwa ulinganishe, alafu fuata pesa mpaka chini.

Kibali cha kufanya risachi kutoka NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti, tafuta mapema.

Sasa, wengi wanachukua kitabu cha bajeti wanaandika ati "kaunti ilitumia". Hapana, hiyo ni ile walipanga kutumia. Zenye zilitoka kweli ziko kwa ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, hutoka kila robo mwaka, na kumbuka mwaka wa serikali unaanza Julai 1 so usichanganye miaka. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, kwa hivyo weka mpango kando ya matumizi yenyewe uone nani alilipwa na nani aliambiwa angoje, mimi naona siasa yote iko hapo. Baada ya hapo soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, hasa madeni ya makontrakta, juu mradi unaweza kuwa umeisha na kwa vitabu bado haujalipwa.

Kuwa makini na nani amejenga nini. Darasa mpya lenye jina la mheshimiwa ukutani mara nyingi ni CDF, hiyo ni pesa ya serikali kuu kwa eneo bunge, iko tangu 2003, si ya kaunti na si ya MCA, yule mwakilishi wa wadi. Na kutoka 2020 hadi 2022 afya, barabara na mipango ya jiji zilikuwa chini ya NMS (Nairobi Metropolitan Services), ofisi ya serikali kuu yenye ilipewa hizo kazi za kaunti, kwa hivyo miaka hiyo isome pekee yake.

Ukishapata orodha ya miradi, beba uende nayo mtaani. Uliza mama mboga wa hapo mtaro ulichimbwa lini, uliza MCA, na pia yule alishindwa na yeye kwa kura, kila mmoja atakuambia kitu mwenzake ameficha.

Ofisi ikikunyima makaratasi andika barua ukitaja Sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 wakujibu, wakinyamaza peleka kwa Ombudsman, ile tume ya haki ya utawala inashughulikia malalamiko. Weka kopi yenye muhuri wa siku uliyopeleka.